Maana ya Jina Gabrieli

Wapenzi wasikilizaji, mara nyingi baba ajapo kumwandikisha mwanawe kwa ubatizo, husema, "Aitwe Gabrieli." Katekista akimwuliza maana yake, baba hunyamaza, au hujibu kwamba ni jina la Wazungu. Leo twataka kulichungua jibu hilo, kwa maana si la kweli.

Gabrieli ni neno la Kiebrania, lugha ya Waisraeli, watu wa Asia. Wazungu walilipokea kwa wengine, kama sisi tulivyolipokea. Nusu yake ya kwanza yatoka katika shina lenye maana ya nguvu na ushujaa. Shina hilo tunalo hata katika Kiswahili, kwa njia ya Kiarabu, lugha iliyo ndugu ya Kiebrania: twasema mtu fulani ni jabari, yaani ana nguvu wala haogopi. Nusu ya pili, Eli, ni Mungu. Ndiyo sababu wengine hutafsiri "Mungu ni nguvu yangu", na wengine "shujaa wa Mungu". Jirani zetu Waislamu humwita malaika huyo Jibrili. Jina ni lile lile. Hiyo Eli mwaisikia pia katika Mikaeli, Rafaeli na Danieli. Msistaajabu kwamba jina moja huwa sentensi nzima. Huko Rwanda mtu aitwaye Habimana husema kila aitwapo: Mungu yupo.

Katika Maandiko Matakatifu Gabrieli atajwa kwanza katika kitabu cha Danieli. Danieli alikuwa kijana wa Kiyahudi aliyechukuliwa mateka mpaka Babeli. Huko mkuu wa watumishi wa mfalme alimwondolea jina lake akampa jingine la kipagani, Beltshaza. Lakini Gabrieli alipotumwa kwake, katika sura ya tisa, alimwita Danieli. Jumba la mfalme lilimwandika hivi. Mbinguni alijulikana vile.

Ninyi wazee mwaweza kuyafahamu hayo kuliko vijana. Mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu iliwaamuru wananchi wa Zaire waache majina ya Kikristu na kushika ya mababu. Mapadri walionywa wasibatize mtoto kwa jina la kigeni. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Waliobatizwa Gabrieli hawakuwa Gabrieli tena katika karatasi za serikali, mpaka majina hayo yaliporudi wazi mwaka 1990. Tuseme haki: jina la babu si aibu, na waliolidharau walikosa. Hata sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 hailazimishi jina la Ulaya. Yataka tu lisiwe geni kwa moyo wa Kikristu. Mtoto aweza kubeba yote mawili, la ukoo na la ubatizo. Kosa lilikuwa kuwanyang'anya watu moja la hayo kwa nguvu.

Sasa tufungue Injili ya Luka, sura ya kwanza. Gabrieli atumwa mara mbili, na kila mara analeta jina la mtoto: kwa Zakaria jina Yohane, kwa Bikira Maria jina Yezu, maana yake Mungu anaokoa. Zakaria hakusadiki, akawa bubu. Siku ya kumpa mtoto jina, jamaa walikataa Yohane, wakisema hakuna mtu wa ukoo wao aitwaye hivyo. Neno hilo mmelisikia vijijini kwenu, sivyo? Zakaria akaomba kibao, akaandika: Yohane. Papo hapo ulimi wake ukafunguliwa.

Hapa Kisangani jina Gabrieli lina historia yake. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, alifika penye maporomoko ya mto, wanapovua Wagenia, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Mwaka 1908 akawa Askofu wa kwanza wa sehemu hizi, naye alifariki mwaka 1942. Mji wakati ule uliitwa Stanleyville; mwaka 1966 ukawa Kisangani. Hivyo mji nao ulibadilishwa jina, lakini misioni ingali ni ya Mtakatifu Gabrieli.

Sikukuu yake zamani ilikuwa tarehe 24 Machi. Tangu mwaka 1969 yaadhimishwa tarehe 29 Septemba, pamoja na Mikaeli na Rafaeli. Tena mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alimweka awe msimamizi wa simu na radio, kwa kuwa alichukua habari mbali. Basi hata sauti hii mnayoisikia imo chini ya ulinzi wake.

Kabla ya somo lijalo, kila mzazi amwulize mwanawe jina lake la ubatizo maana yake nini. Asiyejua amwendee katekista. Juma lijalo tutasema juu ya Mikaeli.