Tuwataje kwa majina

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa familia, Neasden



Kwetu ni Bukavu, mji wa rasi tano zilizoingia Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Usiku tuliona taa za wavuvi majini, tukasikia wakiimba huku wakipiga makasia. Walivua sambaza, samaki walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika kuelekea mwaka 1960, wakazoea maji mageni. Asubuhi mama alikwenda kuwanunua soko la Kadutu, akawakaanga kwa pilipili.

Mama alifariki mimi nikiwa huku. Sikumzika. Najua wengi wenu mna huzuni hiyo hiyo.

Kaburi liko mbali, lakini jina tunalo. Jumapili tunatembea na watoto hadi bwawa la Welsh Harp, hapa jirani. Tukifika kwenye maji nawasimulia habari za bibi yao: alivyocheka, alivyouza vitenge, alivyokopesha majirani. Sasa wao ndio wananiuliza.

Leo mezani, mtajieni mtoto jina la mmoja wenu aliyetangulia, na mtaa alioishi. Tusiponena sisi, atajulia wapi?