HAJA YANGU KWENU JUU YA USONJI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Barking)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mashangazi na wajomba, ndugu, wana na wajukuu mliotoka Tanga, Mombasa, Maskati, Leicester na Toronto,

Kamati imenipa dakika kumi. Baada ya mke wangu kufariki dunia nilipelekwa kwa mnasihi anisaidie kuubeba msiba, na katika kikao cha nne nilimwambia kwamba nashuku nina usonji. Wapo kati yenu walionisihi niliache jambo hili nyumbani. Nalisema hapa kwa kuwa nina haja nanyi, na haja hiyo nitaieleza mwishoni.

Usonji si wazimu, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyokua tangu mwanzo wa uhai wa mtu. Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger akaandika za kwake Vienna mwaka uliofuata. Lakini ilikuwa mpaka mwaka 1981 ndipo Bi. Lorna Wing, tabibu wa hapa London aliyekuwa na binti mwenye usonji, alipowazindua madaktari wa Uingereza kwamba wapo pia watu wenye usonji wasemao vizuri na kusoma vizuri. Basi sisi tuliosoma miaka ya sitini, nani angetutambua? Mtoto akishinda mtihani, alihesabiwa mzima. Akijitenga, walisema ana mambo yake, au ana shetani, akachomewa ubani.

Nilikwenda kwa mnasihi na karatasi. Nimekuwa mtumishi wa serikali. Nisiloliandika huwa kama halipo. Niliandika kwamba kelele za soko la East Street hunichosha kuliko kazi ya siku nzima. Kwamba nikipanda treni ya District lazima nizitaje moyoni Becontree, Upney, Barking, East Ham kwa mpangilio, na nikikatizwa roho haitulii. Kwamba arusini hutoka mapema, nanyi mkasema nimeingiwa na kiburi cha Ulaya. Na kwamba kwa miaka yote ya ndoa yetu marehemu alikuwa akinibinya kidole chini ya meza: mara moja, mgeni anatania, mara mbili, mgeni amechoka na maneno yako. Alipoondoka yeye, aliondoka mkalimani wangu.

Mnasihi alisoma, akasema haoni dalili: nimefanya kazi, nimeoa, nimelea watoto, tena namtazama machoni. Nikamjibu kwamba simtazami machoni. Natazama nyusi zake, na huhesabu hadi nne kabla ya kuangalia pembeni. Akaweka kalamu chini. Kisha akaniambia kwa uungwana kwamba yeye hana mamlaka ya kutoa hukumu ya namna hiyo, na kwamba mlango wake ni daktari wa mtaani.

Daktari aliniuliza maswali 10 yaliyoandikwa. Mwongozo wao wa mwaka 2012 unasema anayefikisha alama 6 apelekwe kwa wataalamu. Nilifikisha. Tangu mwaka 2009 nchi hii ina sheria maalumu juu ya watu wazima wenye usonji, lakini sheria haifupishi foleni. Watu hungoja miezi mingi, wengine miaka. Mimi bado nimo katika orodha, na huenda wakaniambia sinao.

Mama mmoja wa ukoo huu, ninayemheshimu sana, ameniuliza: kwa nini sasa, na binti yetu anaposwa? Sitamficha. Wataalamu wanakubali kwamba urithi una sehemu kubwa katika usonji. Lakini damu haibadiliki kwa kunyamaziwa, na kama yumo miongoni mwa wajukuu mtoto anayeziba masikio watu wakiimba, ni afadhali wazazi wake wajue pa kuuliza kuliko kumchapa.

Sasa haja yangu. Wataalamu watataka habari za utotoni mwangu, na mama yangu hayupo tena. Waliobaki wanaonikumbuka kabla sijatimiza miaka saba ni shangazi wawili na binamu zangu watatu. Nawaomba mniandikie. Msiandike mliyosikia leo kuhusu usonji. Andikeni mliyoyaona: nilianza kusema lini, nilicheza na nani, nililia kwa nini. Kama mnakumbuka nilikuwa mtoto wa kawaida kabisa, andikeni hilo vilevile, maana nalo ni ushahidi. Pia lile sanduku la bati la marehemu baba mdogo lilikuwa na ripoti zangu za shule. Aliyenalo naomba anipe nakala tu, asili akae nayo.

Baada ya chakula nitakuwa meza ya mwisho karibu na mlango, ambako spika hazisikiki sana. Karatasi na kalamu ninazo.