Uvimbe Mgumu Kwenye Viungo Usikatwe kwa Wembe

Ndugu wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama,

Upo ugonjwa adimu ambao madini ya kalsiamu na fosfeti hujilundika kandokando ya viungo, hasa nyonga, bega na kiwiko, hadi yakafanya donge gumu kama jiwe. Huitwa kalsinosisi ya uvimbe, jina alilolitoa daktari Inclán wa Cuba mwaka 1943. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Donge hukua polepole, pengine pasipo maumivu makali. Kwa hiyo mgonjwa huchelewa kusema, na jamaa hudhani ni jipu, saratani au mkono wa mtu.

Hapo ndipo madhara huanza. Donge likichanjwa au kutumbuliwa hutoka uji mweupe kama chokaa, wala si usaha. Kidonda huweza kukaa muda mrefu bila kufunga, vijidudu vikaingia, na donge likajijenga upya. Ni kweli kwamba wembe wa jirani u karibu kuliko mashine ya eksirei. Lakini picha hiyo, pamoja na kipimo cha fosfeti katika damu, ndiyo humwonyesha daktari kilichomo. Upasuaji huhitaji kuliondoa donge lote, na hata hivyo huweza kurudi.

Aina inayopatikana katika familia ni ya kurithi. Homoni ya mifupa inayoziamuru figo kutoa fosfeti ya ziada haifanyi kazi ipasavyo. Baba na mama waweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja akibeba kasoro moja, na katika kila ujauzito pakawa na uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Si laana ya ukoo, wala si kosa la mama. Madonge yanayofanana na haya huwapata pia baadhi ya watu ambao figo zao zimeshindwa kazi.

Dagaa wanaoanikwa kando ya ziwa letu wana fosfeti nyingi, vivyo hivyo maziwa na maharage. Mgonjwa hupunguziwa vyakula hivyo kwa maelekezo ya daktari. Hata hivyo, dagaa hawakuleta ugonjwa, na mtoto mwenye afya asinyimwe.

Mwenye uvimbe wa namna hii aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ili apewe rufaa kwenda Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, na ikibidi Bugando, Mwanza. Ugonjwa ukithibitika, ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe damu.