KUIKINGA MICHE NA BARIDI BILA NYUMBA YA VIOO

Maneno ya mazungumzo kwa wakulima wa Nyaramba

Huko Ulaya majira ya baridi hudumu miezi mingi, na mwenye bustani asiye na nyumba ya vioo hulazimika kung'oa baadhi ya mimea yake dhaifu na kuihifadhi ndani mpaka joto lirudi. Mkulima wa Nyaramba hana haja ya taabu hiyo. Baridi imwogopeshayo ni ya saa chache tu, tangu usiku wa manane hata kucha, na mchana jua humpa joto la kutosha. Kazi yake ni kulitunza joto hilo lisipotee kabla ya alfajiri.

Asipolitunza, hasara yake si ndogo. Kijiti cha chai kilichokatwa na jani lake moja huweza kukaa kitaluni karibu mwaka mzima kabla ya kuhamishiwa shambani, na mti utokao humo waweza kuchumwa kwa miaka zaidi ya 50. Usiku mmoja ukiiharibu miche, kazi ya mwaka imepotea pamoja na msimu wa kupanda, na karo iliyotarajiwa kutoka katika machumo ya kwanza itachelewa.

Wengi hudhani kwamba miezi ya hatari ni Juni na Julai, yenye mawingu na manyunyu. Ni kweli kwamba chai hukua polepole wakati huo, maana machipukizi hukaribia kusimama joto lipunguapo chini ya digrii 13 hivi. Lakini mawingu ni kama blanketi. Ardhi hulipokea joto la jua mchana na kulitoa usiku, na mawingu hulizuia lisiende mbali. Katika usiku wa Januari au Februari usio na wingu wala upepo, joto hilo hupanda angani lisirudi. Mwezi wa Januari 2012, katika majira ya jua kali la mchana, sakitu, yaani umande ulioganda, iliunguza chai nyingi upande wa Kericho na Nandi.

Tena hewa baridi ni nzito, nayo hutiririka mteremkoni kama maji na kutuama bondeni. Kwa hiyo kitalu kisiwekwe chini kabisa karibu na kijito, ijapokuwa maji ya kunyweshea ni karibu huko, afadhali kuyabeba. Ua uliosongamana ukiwa upande wa chini wa kitalu huizuia hewa hiyo kama boma la maji. Inafaa ua huo ufunguliwe nafasi, baridi ipate njia ya kutoka.

Paa la nyasi juu ya fito hufanya kazi ya wingu: hupunguza ukali wa jua mchana, na usiku huizuia ardhi isipoteze joto lake upesi. Miti ya paa na iwe imara, kwa kuwa katika nchi hii ya milima mvua ya mawe huharibu miche mingi, na paa legelege likianguka huiumiza miche kuliko mawe yenyewe. Atumiaye karatasi ya nailoni juu ya vijiti na aipinde mbali na majani, maana jani liligusalo nailoni hupatwa na baridi kwanza.

Udongo mkavu hauhifadhi joto vema kama udongo wenye unyevu. Basi katika siku za kiangazi, miche isiyofunikwa kwa nailoni inyweshwe mapema alasiri, majani yapate kukauka kabla ya giza.

Miche iliyolelewa kivulini isitolewe nje kwa ghafula. Nyasi za paa zipunguzwe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, na miche ihamishwe mwanzo wa mvua za masika. Iliyopandwa Machi au Aprili huwa na mizizi ya kutosha ifikapo Januari, lakini iliyopandwa Novemba huukuta usiku ule mkavu ingali michanga.

Ikiwa baridi imekwisha kuunguza majani, mkulima asikimbilie kisu siku ile ile. Majani yaliyokufa bado huyafunika matawi ya chini. Na angoje mpaka machipukizi mapya yaonekane, ndipo akate sehemu iliyokauka tu, kwani mche unaodhaniwa kuwa umekufa mara nyingi huchipua tena karibu na ardhi.