Boya la mbao na nyavu zilizozama

Maneno ya timu yetu ya uwanjani mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Tuliombwa tuseme juu ya mradi wa uvuvi. Hesabu iko kwa komite, kila mwanachama ana haki ya kuiomba. Sisi leo tunataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho hatukukiandika hata mara moja katika ripoti zetu. Kitu hicho ni boya.

Wavuvi mulio hapa, mutuvumilie, kuna wengine hawajawahi kutega. Wavu unasimama ndani ya maji kama pazia. Juu kuna maboya yanayouvuta kwenda juu, chini kuna mawe au risasi zinazouvuta kwenda chini. Maboya yakiwa machache, pazia linaanguka. Na ziwa letu munalijua. Tanganyika ina kina kinachopita mita 1,400, na sehemu nyingi ukitoka ufukoni hatua chache tu, chini inapotea. Wavu ukiteleza pale, hakuna wa kuufuata.

Ndivyo ilivyotokea. Tulileta nyavu mpya kutoka kwa muuzaji wa mjini, zimefungwa vizuri, na maboya yake madogo ya plastiki. Tulipiga picha, watu wakatia sahihi, tukarudi ofisini. Wiki haijaisha, kikundi kimoja kikatuita: nyavu 3 zimezama usiku mmoja. Sisi tukauliza kama walifuata mafunzo. Ndiyo, hilo ndilo lililokuwa swali letu la kwanza, na leo tunaona haya kulikumbuka.

Mzee mmoja wa kikundi kile alitujibu bila hasira: "Wanangu, muliuliza kama tuko na karte. Hamukuuliza kama tuko na maboya."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha mbao nyeusi, kirefu kama kiganja, chenye tundu upande mmoja na alama 3 zilizochongwa kwa kisu. Lilikuwa boya la baba yake. Akakaa chini, akatuelezea, na watu wa rika lake wakaanza kukusanyika, kila mmoja akiongeza lake.

Zamani, wakasema, boya halikununuliwa. Ulitafuta mti mwepesi, au shina kavu la jani la mawese, au kibuyu kidogo kilichozibwa mdomo. Ulichonga, ukakausha juani siku nyingi, kwa sababu boya bichi linakunywa maji na kuwa mzigo. Kabla ya nailoni kufika, kamba ilisokotwa kwa nyuzi za miti. Uzito wa chini ulikuwa mawe yaliyotobolewa au udongo uliochomwa. Usiku wa giza watu walitoka na lusenga, ule wavu wa mfuko wenye mti mrefu, wakawasha matete mbele ya mtumbwi ili ndagala wafuate mwanga. Baadaye karabai zikaja, na mitumbwi miwili ikaunganishwa kubeba wavu mkubwa katikati. Kwa sangala na kuhe walitumia mshipi na ndoana, na mkono wenyewe ulijua samaki gani amegusa.

Tukamuuliza zile alama 3 ni za nini. Akasema kila familia ilikuwa na alama yake. Boya likikatika na kutupwa na mawimbi, aliyeliokota alijua ni la nani, na alilirudisha. Halafu akanyamaza kidogo. Akatuambia kwamba mwaka 1996, walipokimbia kuvuka ziwa kwenda Kigoma, mtumbwi ulikuwa umejaa kupita kiasi. Alichukua maboya yote ya baba yake, akayafunga kwa kamba kiunoni mwa mtoto wake mdogo. Alifikiri, tukizama, huyu ataelea, na atakayemwokota atasoma alama atajua ni mtoto wa nani.

Hawakuzama, Mungu asifiwe. Kambini mengine yaliishia motoni siku kuni zilipokosekana. Moja lilibaki limetundikwa ukutani mpaka siku ya kupanda meli ya kurudi Baraka. Yule mtoto leo ni baba wa watoto, alikuwa amesimama nyuma yetu akisikiliza. Lakini kuchonga boya hajui. Angejifunzia wapi? Alikulia kambini, mbali na ziwa, akisubiri mgawo wa unga.

Ndugu, katika karatasi ya kuomba pesa tuliandika kwamba watu waliorudi hawana ujuzi wa uvuvi. Tuliandika hivyo kwa sababu tuliongea na vijana peke yao. Ujuzi ulikuwepo, umekaa chini ya mwembe, na sisi tulipita mbele yake na gari.

Hatusemi kwamba ya zamani yote ni mazuri. Boya la plastiki halioi, halihitaji kukaushwa. Vijana wanakata maboya kutoka kambambili zilizoisha, na yanaelea vizuri kabisa. Wazee wenyewe walicheka tulipouliza kama wanataka kurudi kwenye kamba za miti. Lakini walisema jambo ambalo hawakulichekea: ndoana na wavu wa matundu makubwa vilimwacha samaki mdogo akue. Leo kuna wanaovua kwa chandarua cha mbu, na wote tunajua kinachobeba: mpaka mayai.

Baada ya siku ile, mzee alikaa na vijana 6 kwa majuma mawili. Walihesabu maboya upya, wakaongeza ya kambambili na ya mbao, wakajaribu wavu mmoja usiku mmoja karibu na ufuko. Wawili kati ya vijana wale hawakuwahi kukimbia, walibaki hapa miaka yote ya vita. Mnakumbuka maneno makali kati ya waliobaki na waliorudi juu ya nafasi za kutia mitumbwi. Hatusemi yameisha. Tunasema wale 6 wanatega pamoja, na nyavu zilizobaki bado ziko juu ya maji.

Kwa hiyo tunaleta maombi 3 mbele ya mkutano. La kwanza: wavu wowote usinunuliwe kwa wingi kabla mmoja kujaribiwa usiku mzima na wavuvi wenyewe. La pili: bajeti iwe na mstari wa maboya na kamba zinazotengenezwa hapa hapa na wanachama. La tatu: mzee anayefundisha alipwe posho ya siku sawasawa na mwalimu tunayemleta kutoka mjini. Wafadhili wetu, hili la tatu tunalisema kwenu kwa sauti kubwa zaidi.

Na lifanyike mapema. Kati ya wazee waliokusanyika siku ile, mmoja tumemzika mwezi uliopita. Ni yeye aliyejua kusokota kamba za zamani, na tulikuwa tumemuahidi kurudi.