Mwananchi Aliuliza, Nasi Tukamwambia Asubiri

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali wilayani Biharamulo)



Mmenitaka nizungumze juu ya namna wananchi wa wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, walivyoyapokea mabadiliko ya uongozi wa taifa ya mwaka 2021. Nimekubali, ila sikuja hapa kumsifu wala kumlaumu kiongozi yeyote. Nimekuja kusema juu yenu na juu yangu mwenyewe, kwa kuwa katika siku zile wananchi walituuliza maswali ya haki kabisa, na wengi wetu hatukuyajibu.

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 Makamu wa Rais, Ndugu Samia Suluhu Hassan, alilitangazia taifa kifo cha Rais John Pombe Magufuli. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Rais wa Jamhuri ya Muungano kufariki akiwa madarakani. Tarehe 19 Makamu aliapishwa kuwa Rais, kama Ibara ya 37 ya Katiba inavyoagiza, na tarehe 26 marehemu akazikwa Chato.

Kwingineko nchini watu walifiwa na Rais. Hapa Biharamulo tulifiwa na mtu wa nyumbani. Chato ilikuwa sehemu ya wilaya hii mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2005, kisha ikahamia Mkoa wa Geita mwaka 2012. Wapiga kura wa Biharamulo Mashariki ndio waliompeleka Bungeni mara ya kwanza, mwaka 1995. Wako wazee wanaomkumbuka akiwa kijana wa seminari pale Katoke. Kwa hiyo kilio cha hapa kilikuwa kilio cha ukoo, na asiyeelewa hilo hawezi kuelewa lolote katika yale yaliyosemwa vijijini wiki ile. Nisifiche pia kwamba walikuwapo walioshusha pumzi, hata miongoni mwetu watumishi: mtu aliyengoja kupandishwa daraja kwa miaka, mtu aliyeona kwamba nafasi ya kusema imekuwa finyu. Hao nao ni wananchi, na hapana sababu ya kuwasahau tunapoeleza historia.

Ngara mambo yalikuwa mengine. Kule neno la kwanza lilikuwa hofu, wala si hofu ya kijinga. Shemeji yangu anayekaa upande wa Kabanga alinipigia simu alfajiri. Hakuuliza nani atatawala. Aliuliza kama barabara ziko wazi. Mnaweza kucheka, lakini fikirini ameona nini. Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakamiminika mpakani. Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Habyarimana wa Rwanda na Rais Ntaryamira wa Burundi waliuawa ndani ya ndege moja, wakirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam. Kabla mwezi ule haujaisha, watu karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama saa 24 tu, na Benaco ikageuka mji wa turubai. Wananchi wa Ngara waligawana nao visima, kuni na mashamba. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuisikia habari ya kifo cha Rais kama habari nyingine za redio. Ni kweli kwamba Juni 2020 Rais Nkurunziza wa Burundi alifariki, na siku kumi baadaye Rais Ndayishimiye akaapishwa pasipo mtu kukimbia. Lakini hofu ya miaka 27 haifutwi na mfano mmoja mwema.

Sasa nije kwenye kosa langu. Katika siku zile za maombolezo alinijia mzee mmoja, mkulima wa mihogo, mwenye watoto wawili shuleni. Wakati ule nilikuwa bado kazini. Akaniuliza, “Mwalimu, je, ada itarudi?” Nikamjibu, “Mzee wangu, tusubiri maelekezo.” Akashukuru akaenda zake. Ndugu zangu, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, unaofuta ada mpaka kidato cha nne, ulikuwa kabatini nyuma ya kiti changu. Sikuwa na maelekezo yoyote ya kusubiri. Nilichokosa ni moyo wa kusimama na kulifungua kabati.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Mzee yule aliamini kwamba elimu bila ada ilikuwa zawadi ya mtu mmoja, na mwenye zawadi akifa zawadi hufa naye. Nani alimfundisha hivyo? Ni sisi. Tungalimweleza kwamba ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973 wakati wa Mwalimu. Kwamba katika miaka ya 1980, uchumi ulipotuelemea, michango ilirudi, na Rais alikuwa bado Mwalimu yuleyule. Kwamba ikafutwa tena mwaka 2001 wakati wa Mzee Mkapa. Kwamba Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilipitishwa wakati wa Mzee Kikwete. Na kwamba Awamu ya Tano ndiyo iliyoitekeleza kuanzia Januari 2016. Angalijua hayo, angaliona kwamba swali lake lahusu sera na fedha, wala si uhai wa mtu. Na angalikuwa na haki ya kuogopa bado, maana ada imewahi kurudi. Lakini angaliogopa kitu cha kweli. Ikatokea kwamba mwaka 2022 Serikali iliendeleza msamaha huo mpaka kidato cha tano na sita. Mimi sikuwa nimemwandaa hata kuitarajia habari hiyo.

Hapa naomba mniwie radhi, kwa kuwa nitasema jambo lisilopendeza. Tunayo kasumba ya kumtaja kiongozi kila tunapofungua choo cha shule. Jana zilikuwa fedha za Magufuli, kisha zikawa fedha za Mama. Fedha hizo ni za wananchi, zimepitishwa na Bunge katika bajeti. Mtendaji anayesimama mbele ya mkutano wa kijiji akazitaja kama sadaka ya mtu anadhani anamheshimu kiongozi. Kwa hakika anawaandalia wananchi hofu ya siku kiongozi huyo atakapoondoka, na kila kiongozi huondoka.

Mambo yaliyoanzishwa hayakusimama. Ngara waliuliza juu ya nikeli ya Kabanga, kwa sababu makubaliano ambayo yaliipa Serikali hisa asilimia 16 yalitiwa saini Januari 2021, miezi miwili tu kabla ya msiba. Leseni ya uchimbaji ilitolewa Oktoba mwaka uleule. Mitambo ya umeme ya Rusumo, megawati 80 za kugawana sawa baina yetu na Rwanda na Burundi, ilianza kutoa umeme mwaka 2023. Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo sisi wasafiri wa Mwanza tulilingoja tukiwa tumepanga foleni ya kivuko, ujenzi wake ulianza mwaka 2020, na Rais Samia akalifungua Juni 2025 likiwa na jina la mtangulizi wake.

Lakini tusije tukawadanganya wananchi kwamba hakuna kinachobadilika. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatizwa masomo kwa kupata mtoto aweza kurudi katika shule ya kawaida, jambo lililokatazwa hadharani mwaka 2017. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa, nayo yalikuja na uongozi mpya. Wapo wazazi walioyapokea kwa furaha, na wapo waliosema tunabariki uovu. Mwalimu mkuu aliyeubandika waraka ukutani na kuwaita wazazi alifanya kazi yake. Aliyenyamaza akisubiri aone upepo unavumia wapi alimnyima binti wa watu mwaka mzima.

Waliuliza pia kama mwanamke ataiweza kazi hiyo. Swali hilo nililisikia sokoni, na nililisikia, kwa aibu, katika chumba cha walimu. Walionijibu vizuri zaidi walikuwa wanawake wa soko lile, waliosema kwamba swali hilo hawakuwahi kuulizwa walipokuwa wakilima, wakiuza na kulipa ushuru.

Jambo jingine ni Mkoa wa Chato. Wazo hilo lilipozungumzwa mwaka 2021, Biharamulo na Ngara zilitajwa miongoni mwa wilaya ambazo zingeingia humo. Maoni yaligawanyika. Wa Ngara wanajua Bukoba ilivyo mbali kwa mtu anayefuata karatasi moja. Wengine waliona uchungu kuuacha Mkoa wa Kagera. Zote mbili ni hoja za kweli. Ila mazungumzo mengi niliyoyasikia hayakuhusu umbali, idadi ya watu wala gharama. Yalihusu kumuenzi marehemu au kutomuenzi. Mpaka wa mkoa ukijadiliwa kama mnara wa kumbukumbu, afisa mipango hana la kusema, naye ndiye aliyestahili kusikilizwa kwanza.

Yule mzee nilimfuata mwaka uliofuata, nilipokuwa nimekwisha kustaafu. Nilikuwa na nakala ya waraka mkononi. Nikamsomea aya kwa aya chini ya mwembe wake, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, “Na huu wenyewe, Mwalimu, hauwezi kufutwa?” Nikamwambia waweza kufutwa, kwa waraka mwingine, na kwamba anaye diwani na anaye mbunge wa kuwauliza siku hiyo ikinusa. Akasema hilo ndilo alilotaka kulijua tangu mwanzo. Akaikunja ile nakala mara nne, akaitia katika mfuko wa shati.