Mtoto wa majirani analia: maneno tuliyosema Katogota juu ya Kiingereza cha mtihani



Leo hatukuja na habari ya mbegu wala ya akiba. Tunasema juu ya Kiingereza. Vijana wetu wa la sita sekondari wanakutana nacho katika Exetat, na bila diploma ya Serikali mlango wa chuo kikuu umefungwa. Tena tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako lugha hiyo inatumika sana ofisini. Mzazi aliyevuka ziwa kwenda Kigoma, kisha akavuka tena kurudi, hapendi mtoto akwame kwa sababu ya herufi moja.

Kwanza tukiri kosa letu. Jumamosi tatu za mwanzo tulijaza ubao kanuni. Vijana waliandika, wakakariri, wakakosea vilevile. Mmoja akatuuliza: "Mwalimu, s si ni ya wengi? Sasa mbona mnaiweka kwa mmoja?" Alikuwa na haki. Kwenye jina, s inaonyesha wengi: "boys". Kwenye kitendo cha sasa, s inakwenda na mmoja: "the boy runs", lakini "the boys run". Sisi hatukuwa tumemwambia.

Basi tukafuta ubao, tukaanza na lugha ya nyumbani. Tukaandika: "Mtoto wa majirani analia." Nani analia? Wote: mtoto! Hakuna aliyesema "wanalia", ijapokuwa majirani ni wengi na wamekaa karibu na kitendo. Kumbe Kiingereza nacho ni hivyo: "The child of the neighbours is crying." Mtego wa mtihani uko hapo, jina la wengi linasogezwa karibu na kitendo ili kijana aandike "are". Dawa yake ni kidole. Funika maneno ya katikati, usome yaliyobaki: "The child is crying."

Swali la pili ni la maneno yaliyokaa mahali pasipo pao. Sisi tunasema: "Tukienda shamba, mvua ilitukamata." Ile "tu" ya mwanzo inaonyesha nani alikuwa anakwenda. Kiingereza kinasema "walking" tu, hakina "tu" wala "a". Mwenye kutembea ni yule anayetajwa mara baada ya koma. Kwa hiyo ukiandika "Walking to the field, the rain caught us", umesema mvua ndiyo ilikuwa inatembea kwenda shamba! Vijana walicheka mpaka machozi, halafu wakasahihisha wenyewe: "Walking to the field, we were caught by the rain."

Ndiyo tofauti yenyewe. Kiswahili kinafunga maneno kwa kamba: madaftari yenye, wanafunzi wenye. Hata yakiachana, kamba inaonyesha. Kiingereza hakina kamba hiyo, kinategemea ujirani. Neno liweke karibu na mwenyewe.

Jambo moja lilitugusa. Waliorudi kutoka Tanzania huchekwa kwa Kiswahili chao "cha vitabu", nao wanawacheka waliobaki kwa kusema "mtoto ya majirani". Siku ile, aliyesema "wa" na aliyesema "ya" walitoa jibu moja: analia. Hakuna aliyekuwa mjinga. Wote walikuwa na ufunguo mdomoni.

Tunaomba mambo matatu. Wazazi, Jumamosi asubuhi mtuachie vijana saa mbili kabla ya shamba. Ninyi mliosoma kambini, njooni msaidie wadogo zenu. Na wafadhili, kabla ya vitabu vinene, tupeni chaki, madaftari na ubao wa pili. Kazi imeanza, na vijana wamekwisha kuona kwamba inawezekana.